Wali na ahadi: jinsi ya kupeleka kundi kwenye bafe ya Kimalesia hapa Dar

Tangu niliposimamia chakula cha mchana cha ofisi yetu kwenye mgahawa wa Kimalesia, ule wa kulipa mara moja na kula mpaka ushibe, simu yangu haina amani. Mmoja anauliza, "Hivi kile chakula kina nguruwe?" Mwingine, "Tukiwa kumi na tano tunapunguziwa?" Wa tatu ndiye hunichosha: "Nianze na nini ili hela yangu irudi?" Nimeyajibu maswali haya kwa meseji, kwa mdomo, na safari moja nikiwa kwenye foleni ya benki watu wote wanasikiliza. Leo nayaandika yakae mahali pamoja.

Nimeshapeleka makundi manne. La kwanza liliniharibikia, na walioliharibu ni wawili tu: ahadi na wali. Ahadi zilivuruga hesabu yangu, wali ukavuruga matumbo ya wenzangu kabla vyakula vyenyewe havijafika mezani. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa imewekwa kumzuia mmoja wa maadui hao.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Orodha ya majina. "Tuko kama kumi na tano hivi" siyo orodha.
- Mtu mmoja wa kushika hela, kama kijumbe wa upatu. Ikiwezekana asiwe yule anayewasiliana na mgahawa, maana kazi hizo mbili zikikaa kichwani kwa mtu mmoja lazima moja ichechemee.
- Namba moja ya kupokelea malipo. Iwe ya mtandao wowote, lakini iwe moja.
- Siku mbili: ya kwanza na ya akiba.
- Majibu ya kila mtu kuhusu nguruwe, nyama, karanga, kamba na vidonda vya tumbo. Nitaeleza kwa nini.
- Njaa ya kiasi. Siyo ya kufunga tangu jana.

Hatua ya 1: Hakikisha ni Kimalesia kweli

Dar hii ina mabango mengi yenye neno "Asia", na nyuma yake utakuta wali wa Kichina, supu ya Kithai na kuku wa Kihindi wanatoka jiko moja. Hakuna ubaya, ila sicho ulichokifuata. Migahawa mingi ya Kiasia iko upande wa Masaki, Oysterbay na Msasani. Popote utakapopata namba, piga uulize vitu vitatu: mna rendang, ile nyama ya kukaushiwa kwenye tui? Mna nasi lemak, wali wao wa nazi? Sambal, yaani pilipili yao ya kusaga, mnasaga wenyewe? Penye mpishi anayejua kazi yake, swali la tatu huwachangamsha. Wakikujibu "tuna soya sosi", shukuru, kata simu.

Ukisharidhika, uliza haya mengine, na majibu uyaandike:

- Bei ya kichwa kimoja ni kiasi gani, kundi linapunguziwa, na VAT imo au inaongezwa kwenye bili? Ada ya huduma je?
- Vinywaji vimo?
- Tunajipakulia wenyewe, au tunaagiza kwenye orodha tunaletewa visahani mpaka tuseme basi?
- Kuna kikomo cha muda?
- Anayebakiza chakula anatozwa?
- Watoto wanahesabiwaje, kwa umri au kwa kimo?
- Advansi ni kiasi gani, na watu wakipungua inakuwaje?
- Vyombo vinajazwa mara ya mwisho saa ngapi?

Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo lenye faida kubwa. Mgahawa unaweza kusema bafe ni mpaka saa tisa, kumbe jikoni wamezima moto saa nane na robo. Ukiingia saa nane na nusu umelipa bei kamili kwa masalia.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu nguruwe na uduvi kwa maneno ya wazi

Malaysia ni nchi yenye Waislamu wengi, na mapishi ya Wamalei wenyewe, kabila kubwa la huko, hayana nguruwe. Lakini nchi hiyo ina Wachina na Wahindi wa vizazi vingi, na vyakula vyao navyo ni vya Kimalesia. Bak kut teh, kwa mfano, ni supu ya mbavu za nguruwe. Char kway teow, tambi pana za mchele za kukaanga, kuna wapishi wanaozikaangia mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo neno "Kimalesia" peke yake halikuhakikishii halali. Uliza hivi: jikoni kwenu nguruwe anapikwa? Kama anapikwa, sufuria na mafuta vinatenganishwa? Wenzako Waislamu wape jibu lenyewe kama ulivyolipokea, waamue wao. Usiwaamulie kwa kudhani.

Uduvi ndio unaowapita wengi. Kuna kitu kinaitwa belacan, yaani uduvi uliosagwa ukachachuka na kukaushwa, unakuwa kipande kigumu chenye shombo. Kinaingia kwenye sambal na kwenye mboga za majani ambazo kwa macho hazina kiumbe chochote. Mwenzako asiyekula nyama ataona majani ya kijani, ajipakulie kwa furaha, na atakuwa ameshakula uduvi. Msabato asiyekula kamba hali kadhalika. Na mwenye mzio wa kamba huyo ndiye wa kumlinda kabisa. Mwingine ni mwenye mzio wa karanga, kwa sababu mchuzi wa satay, mishkaki yao, ni karanga tupu.

Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Ijumaa mchana iache. Swala inaangukia mlemle saa saba, na ukisogeza mbele mnakutana na vyombo vilivyopoa. Jumamosi utawakosa Wasabato mpaka jua lizame. Mimi naipenda Jumapili saa saba na nusu: walio ibada ya kwanza na ya pili wote wametoka, na barabara zina nafuu.

Iwe wiki ya kwanza baada ya mshahara. Januari usijaribu, watu wana ada za shule.

Usafiri nitasema kidogo tu. Kama mnakutana Masaki, wanaotoka Kimara wapande mwendokasi hadi Morocco, kisha bajaji. Wanaotoka Posta wapite Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Linawatoa karibu na hospitali ya Aga Khan na kuwaleta ufukwe wa Coco bila kuzunguka Selander. Wakati wa masika angalia habari za Jangwani asubuhi. Maji yakijaa pale, mwendokasi husimama na nusu ya kundi lako hubaki ng'ambo.

Hatua ya 4: Kusanya hela yenyewe, ahadi waachie kamati za harusi

Hapa ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza walijiandikisha watu 16, kila mmoja na kidole gumba chake kwenye kikundi cha WhatsApp. Nikaweka meza ya 16 na kuacha advansi. Walikuja 11. Mmoja alipata msiba, huyo sina neno naye. Wanne walipata "dharura", na jioni ile nikaona picha ya mmoja wao yuko Kigamboni miguu mchangani. Mgahawa ulishika advansi ya watu watano, na ilikuwa yangu.

Kwanza piga hesabu ya mchango. Tuseme bei iliyotajwa ni 45,000 kwa kichwa bila VAT. Ongeza asilimia 18, ambayo ni 8,100: umefika 53,100. Weka kinywaji cha 5,000: umefika 58,100. Yapo makato ya kutuma na kutoa hela, basi tangaza 60,000. Ukitangaza 45,000 kwa sababu ndiyo uliyoambiwa kwenye simu, kwa watu 14 utakuwa na upungufu wa 183,400 siku ya bili, na upungufu huo utakuangalia wewe.

Kisha tuma ujumbe mmoja usio na mafumbo. Wangu huwa hivi:

"Wapendwa, chakula cha mchana cha Kimalesia ni Jumapili saa saba na nusu. Mchango ni 60,000 kwa kila mmoja. Ndani yake kuna chakula, kodi na kinywaji kimoja. Mwisho wa kulipa ni Jumatano saa mbili usiku. Meza itawekwa kwa waliolipa tu. Ukishalipa andika jina lako na neno linalokuhusu: nguruwe, nyama, karanga, kamba, vidonda, au sina."

Jumatano saa mbili usiku ikifika, funga. Wapo watakaokuja inboksi na "niwekee, nakupa palepale". Wajibu kwa upole kwamba nafasi ipo ila analipa mgahawani bei ya mgahawa, na kiti hakina uhakika. Bosi naye? Bosi analipa kama wengine, na akilipa mapema tuma shukrani kwenye kikundi kwa jina. Utashangaa namba zinavyosogea.

Hatua ya 5: Weka oda kwa idadi ya waliolipa

Waliolipa wakiwa 12, waambie 12 na uulize kama meza inaweza kuongezwa viti viwili. Usifanye kinyume chake. Tuma idadi, saa, na mahitaji ya mzio kwa maandishi ili ushahidi uwepo. Maneno ya simu husahauliwa na aliyeyasikia akibadilishana zamu. Siku moja kabla piga tena. Omba meza isiwe chini ya kiyoyozi na isiwe mbali na vyakula: aliye mwisho wa ukumbi hujaza sahani kwa kuogopa safari ya pili.

Hatua ya 6: Fika na zunguka bila sahani

Asubuhi kunywa chai na kitu chepesi, kipande cha muhogo au yai. Mwenye kujinyima tangu jana hufika anatetemeka, akameza sahani ya kwanza kwa dakika tano, na kwisha kazi.

Mkishakaa, mmoja wenu asome tena masharti ya muda na ya kubakiza chakula kwa sauti. Kisha mwende kuzunguka mikono mitupu. Soma vibao vyote mpaka kwenye vitamu, ndipo urudi kuchukua sahani.

Vibao vingi huwa na majina ya Kimalei, basi beba maneno haya kichwani. Nasi ni wali, mee ni tambi, ayam ni kuku, ikan ni samaki, daging ni nyama, hasa ya ng'ombe, kambing ni mbuzi, udang ni kamba, sotong ni ngisi, telur ni yai, sayur ni mboga. Babi ni nguruwe, hilo lishike. Goreng ni cha kukaanga, bakar ni cha kuchoma, pedas ni chenye pilipili. Na herufi c ya Kimalei husomwa "ch", kwa hiyo roti canai ni "chanai" na cendol ni "chendol". Mengine huhitaji kufundishwa: limau kwao ni limau, nanas ni nanasi, sabun ni sabuni, meja ni meza. Bahari hii imepitisha vitu vingi.

Mezani utakuta kijiko na uma, pengine bila kisu. Usimsumbue mhudumu. Wamalesia wengi hula kwa kijiko mkono wa kulia na uma wa kusukumia mkono wa kushoto, au kwa mkono wa kulia mtupu kama sisi. Omba maji ya kunawa, hakuna atakayekushangaa.

Hatua ya 7: Sahani ya kwanza, bila wali

Hii ndiyo hatua watu wanayoidharau, kwa hiyo nitakaa nayo.

Nasi lemak ni wali uliopikwa kwa tui la nazi na jani la pandani, mmea wa ukoo mmoja na mkadi wetu, ule ambao ua lake linatiwa kwenye kikuba. Huletwa na sambal, dagaa wadogo wa kukaanga, karanga, tango na yai. Kule kwao ni chakula cha asubuhi, hufungwa kwenye jani la mgomba. Mtu wa Dar akionja husema, "Kumbe ni wali wa nazi na dagaa mchele!" Ndiyo, ndugu yangu, na mtego uko hapohapo. Kwa kuwa unakijua na unakipenda, mkono unakwenda wenyewe.

Safari ile ya kwanza tulikuwa na kijana wa stoo, mla hodari, aliyeapa njiani kwamba leo mgahawa utafunga. Sahani yake ya kwanza ilikuwa mlima wa nasi lemak na kando yake mee goreng, wanga juu ya wanga, na soda ya baridi ya kusukumia. Dakika ya ishirini alikuwa amefungua kifungo. Dakika ya ishirini na tano mpishi akatoka na sinia la rendang ya moto, ukumbi mzima ukageuka kwa harufu. Kijana akaitazama sinia ile ikipita kama abiria aliyeachwa na basi huku tiketi anayo mkononi.

Kwa hiyo sahani ya kwanza ni ya kuonja. Kijiko kimoja cha kila kinachokuvutia, wali sifuri. Angalia hasa hivi:

Rendang. Ni nyama inayopikwa kwa saa kadhaa ndani ya tui, mchaichai, pilipili na viungo, mpaka tui linakauka na nyama inaanza kujikaanga kwa mafuta ya nazi yaliyobaki. Huongezwa nazi iliyokaangwa kavu ikatwangwa. Nzuri huwa nyeusi-nyeusi na karibu kavu. Ikiwa inaogelea kwenye mchuzi, jiko limeharakisha. Vipande viwili vinatosha kwa kuanzia, kwa kuwa tui lililokauka hukinaisha haraka.

Satay. Mishkaki midogo iliyolazwa kwenye manjano na mchaichai, pamoja na mchuzi wa karanga. Ichukue inapotoka kwenye mkaa tu. Ikikaa dakika kumi huwa kamba ya viatu. Mchuzi chovya, usimwage, karanga zinashibisha kuliko nyama.

Sambal. Anza na ncha ya kijiko. Mama mmoja wa uhasibu, mtu wa Tanga, alijipakulia upawa mzima akidhani ni chatne ya nyanya. Tukanyamaza kumsubiri. Akafumba macho, akatafuna taratibu, jasho likamtoka puani. Halafu akasema, "Huu uduvi umesagwa na mtu mzima," akaenda kuongeza. Lakini yeye ni yeye. Mwenye vidonda vya tumbo sambal asiiguse, na asidanganyike na rangi: laksa, supu yao ya tambi, na mchuzi wa samaki navyo vina pilipili.

Hatua ya 8: Sahani ya pili na zinazofuata

Sasa unajua umependa nini. Rudia vitu viwili au vitatu, na hapo ndipo wali unaingia, kiasi cha kiganja kilichokunjwa. Tango na achari weka kwa wingi, vinakata mafuta ya nazi na kukurudishia hamu.

Roti canai msiagize kila mtu wake. Ni unga unaovutwa na mafuta mpaka unakuwa kama kitambaa, ukakunjwa na kukaangwa. Ndugu wa chapati zetu, mwepesi zaidi, unaliwa na mchuzi wa dengu. Mmoja kwa watu wawili, mchane kwa mkono.

Laksa ni supu ya tambi, nayo ina sura mbili kubwa: ya tui na bizari, na ile ya Penang inayoitwa asam laksa, ya samaki na ukwaju. Aliyekulia kwenye urojo ataelewana na hii ya pili bila mkalimani. Chukua nusu bakuli. Supu ya moto hujaza tumbo kwa siri.

Kama ni bafe ya kuagiza kwa orodha, sheria ni moja: meza isiagize raundi mpya kabla ya raundi ya kwanza kuisha. Watu 12 wakiagiza kila mtu kivyake mnaletewa visahani arobaini, na vitakavyobaki mtavilipia.

Soda iacheni. Maji yanatosha mpaka mwisho. Teh tarik, chai ya maziwa mazito inayomiminwa kutoka chombo hadi chombo kwa juu mpaka itoe povu, ni tamu mno na nzito; iwe ya kufungia. Wenye sukari waombe chai isiyo na sukari.

Vitamu bakizia nafasi kweli. Cendol ni tambi fupifupi za kijani za unga wa mchele, tui, sukari ya mnazi na barafu iliyokwanguliwa. Kwa joto la Dar sijaona kinachoishinda. Pisang goreng ni ndizi za kukaanga tu, nyumbani zipo.

Na wale wa "hela yangu irudi": huwezi kumkomoa mwenye bafe kwa wali, maana wali ndio chakula chake cha bei nafuu. Ukila vipande vitano vya rendang, satay za moto, kamba na cendol mbili, umekula alichotumia fedha na muda wa mpishi. Hesabu iishie hapo, usijiumize.

Hatua ya 9: Funga hesabu mkiwa bado mmekaa

Dakika ishirini kabla ya muda kuisha, omba bili. Hesabu vichwa, hesabu vinywaji, linganisha bei na ulichoandika kwenye hatua ya 1. Mshika hela alipe kwa muamala mmoja, kwa lipa namba, na adai risiti ya EFD, hasa kama ofisi itarudisha sehemu ya gharama. Bakshishi mpe mhudumu mkononi.

Mambo yakienda kombo

*Mtu amekuja na mgeni asiyejulikana.* Mgeni anakaribishwa, mwenyeji wake anamlipia palepale kabla hajashika sahani. Sema wewe, mapema, huku unacheka.

*Waliolipa hawajatokea.* Wapigie mara moja. Kama mgahawa unakubali, uliza kama kiti chake kinaweza kutumiwa na mtu mwingine aliye karibu. Hela yake hairudishwi, na hilo uwe ulishaliandika kwenye kikundi.

*Chombo kimeisha hakijazwi.* Usilalamike mezani kwa mezani. Mtume mtu mmoja, aende kwa msimamizi: "Kaka, tuko kumi na mbili, rendang imeisha tangu saa nane, tunaomba." Kundi lililolipa likiomba kwa adabu husikilizwa.

*Chakula ni vuguvugu.* Kiache. Vyakula vya tui, na wali pia, vikikaa vuguvugu kwenye hali ya hewa yetu huharibika upesi. Kinachopaswa kuwa cha moto kiwe kinatoa moshi.

*Pilipili imemzidi mtu.* Maji hayasaidii, yanaisambaza. Mpe maziwa, mtindi, au tonge la wali mkavu.

*Midomo au uso unavimba, pumzi inabana.* Huo ni mzio. Hospitali sasa hivi, msisubiri aone kama itapoa.

*Sahani zimebaki zimejaa na faini inanukia.* Gawaneni mezani kabla mhudumu hajafika. Kontena ya plastiki kwenye mkoba usiitoe. Bafe nyingi haziruhusu kufunga, na nimemwona shangazi wa mtu akirudishiwa vipande vyake sinia mbele ya ukumbi mzima.

*Mtu amevimbiwa.* Asilale kwenye gari. Tembeeni taratibu kuelekea ufukweni, maji ya uvuguvugu kidogo kidogo.

*Hela imebaki.* Safari ya mwisho tulibakiwa na 22,800 kwa watu 12. Mshika hela alimrudishia kila mtu 1,900 jioni ileile na kuweka picha ya miamala kwenye kikundi. Wakati anaziweka, wawili wa "dharura" wa safari ya kwanza walikuwa wameshauliza tarehe ya safari ijayo. Nikawatumia namba ya malipo.